Kuwaandikia Jamaa Habari za Darasa: Mwongozo kwa Walimu wa Gredi za Chini, Amu (Lamu, Kenya)

Mtoto wa miaka sita akirudi nyumbani na kuulizwa, "Leo mmesoma nini?" hujibu "Hakuna", akatupa mkoba barazani na kuulizia chakula. Hasemi uongo. Kwake yeye kusoma ni kukaa na kukariri kama afanyavyo katika chuo cha Qur'ani kila alasiri, na ile nusu saa aliyoitumia kupanga simbi (kauri za baharini) kwa makundi ya kumi kumi hakuihesabu kuwa masomo; aliihesabu mchezo. Hivyo mzazi hubaki akijua rangi ya sare na tarehe ya kufunga shule, asijue mwanawe anajifunza nini. Barua ya darasa, iwe ya karatasi au ya simu, ipo kwa ajili ya kuziba pengo hilo, na kipimo changu cha barua iliyofaa ni kimoja: je, aliyeisoma amepata swali la kumuuliza mtoto ambalo halijibiki kwa "hakuna"?

Barua zangu za mwanzo hazikukifikia kipimo hicho. Ziliandikwa kama matangazo ya afisi: tarehe, vifaa vinavyohitajika, onyo kuhusu uchelewaji, jina na sahihi. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili, huku mtaa wa Langoni, ndiye aliyenizindua. Alinisimamisha njiani akaniambia, kwa upole ambao uliniuma kuliko ukali, "Mwalimu, barua yako nasomewa kila wiki, lakini mjukuu wangu simwoni ndani." Yafuatayo ni yale niliyoyapata tangu siku ile, na nayaandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu wa Gredi ya 1 hadi ya 3 ambaye ana darasa kubwa, muda mchache na simu yenye betri inayokwisha upesi.

Weka daftari dogo mezani

Barua haiandikwi siku ya barua. Mwalimu anayekaa Alhamisi jioni na kujaribu kukumbuka kilichotokea Jumatatu ataishia kunakili andalio la somo, na andalio hueleza kilichokusudiwa, si kilichotokea. Weka daftari dogo mezani, na kila siku, watoto wakiwa nje kwa mapumziko, andika mistari miwili tu: jambo moja walilolifanya kwa mikono au kwa vinywa vyao, na jambo moja walilobishana, walilocheka au walilokwama. Hilo la pili ndilo lenye thamani zaidi. Penye ubishi wa watoto mara nyingi ndipo penye somo, na mzazi akiusikia ubishi huo anamtambua mtoto wake hata kama hakutajwa.

Mwisho wa wiki utakuwa na mistari kumi. Chagua miwili au mitatu. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30, na tangu maeneo ya kujifunza yalipopunguzwa mwaka 2024 yamebaki saba, kwa hiyo kuna kishawishi cha kugusa kila eneo ili lisionekane limepuuzwa. Kiepuke. Barua inayotaja Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, dini, mazingira, sanaa na lugha ya mama kwa sentensi moja moja haimwambii mzazi chochote ambacho hakukijua, maana ratiba imebandikwa ukutani.

Toa maneno ya mtaala, weka kitendo

Tulipoingia katika mtaala wa umilisi (CBC) mwaka 2019 tulipewa msamiati mpya wa kazi: mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, swali dadisi, masuala mtambuko. Ni maneno mazuri katika andalio la somo na yana kazi yake huko. Yakiingia katika barua ya nyumbani yanageuka ukuta. Niliwahi kuandika hivi, na naona haya kuinukuu: "Wiki hii wanafunzi wameshughulikia mada ndogo ya vipimo vya urefu kwa kuzingatia matokeo maalumu yanayotarajiwa." Hakuna mtu mmoja aliyeniuliza lolote kuhusu barua hiyo, na sikustahili kuulizwa.

Habari ile ile, muhula uliofuata, niliiandika hivi:

"Assalaam aleikum, na salamu kwa nyote. Wiki hii tumepima. Hatukutumia rula, kila mtoto alitumia shibiri yake, toka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, kupima meza. Meza ilikuwa ile ile, lakini mmoja alipata shibiri tisa na mwingine kumi na moja, na ubishi ukawa mkubwa. Tuliuacha kidogo uendelee, kisha tukaweka viganja viwili pamoja tukavilinganisha. Nyumbani, muulize mtoto kwa nini majibu hayakulingana, halafu mpime mlango au kitanda, yeye kwa shibiri yake na wewe kwa yako. Katika mazingira tumezungumza juu ya usalama vichochoroni. Muulize: ukiwa katika uchochoro mwembamba na ukasikia mwenye punda akiomba njia, unasimama wapi? Jumatatu kila mtoto aje na vifuu viwili vya nazi vilivyokwisha kukunwa. Tutafunga kwa likizo fupi Alhamisi, saa saba mchana."

Angalia mpangilio wake. Inaanza na kitendo, si na dibaji. Ina ubishi mmoja ambao kila mzazi anaweza kuuona kwa macho ya moyo. Haimtaji mtoto yeyote kwa jina. Kila habari imefuatwa na jambo la kuuliza au la kufanya, na jambo lenyewe halihitaji fedha, kitabu wala mzazi aliyesoma. Matangazo yamewekwa mwisho, kwa sababu yakitangulia ndiyo pekee yatakayosomwa.

Saa nazo zinataka uangalifu. Wapo wazazi wa bara waliohamia hapa kwa kazi ambao huandika saa kwa hesabu ya Kizungu, na "saa moja" ikiandikwa peke yake huweza kumleta mmoja asubuhi na mwingine adhuhuri. Andika "saa moja asubuhi" au "saa saba mchana" kila mara, hata pale inapoonekana ni dhahiri.

Barua hiyo ya shibiri ilizaa jambo ambalo sikulitarajia. Jumatatu yake babu mmoja, fundi wa mashua, alifika mlangoni mwa darasa bila kuitwa, akavua kofia, akasema amesikia tunapima na kwamba tumeanza vizuri lakini tumeishia njiani. Nikampa nafasi. Akawaonyesha watoto kwamba shibiri mbili ni dhiraa, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Akanyoosha mikono yake yote miwili akawaambia hiyo ni pima, dhiraa nne, na kwamba mabaharia walipima kina cha maji kwa kamba yenye mafundo ya pima. Nilichokuwa nimekipanga kwa siku tatu alikimaliza kwa nusu saa, na watoto waliendelea kupimana hadi kengele ya mwisho. Tangu hapo kila barua yangu ya pili au ya tatu ina swali linalowaelekea watu wazima: "Nani nyumbani anajua kusuka ukili?" "Nani anaweza kutueleza upepo wa kusi unapoanza hujulikanaje?" Ukili, ule ukanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, una mpangilio wa rangi unaojirudia, na huo ni Hisabati ya Gredi ya 2 isiyohitaji chati. Mama aliyeuleta mkeka wake darasani, na ambaye kabla ya hapo alikuwa akizungumza nami akiwa nje ya lango, sasa huingia.

Mtele na mchele

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo barua nyingi za walimu wa visiwa hivi zinapowaumiza watoto bila kukusudia.

Watoto wengi wa Amu huja shuleni na Kiamu, Kiswahili cha huku kwetu. Nyumbani wali hupikwa kwa mtele, ufukweni kuna mtanga, mtu akifurahi huteka, na tumbo likiwa tupu mtoto ana ndaa. Vitabu vinasema mchele, mchanga, kucheka na njaa. Wiki tunayofundisha sauti ch, nusu ya darasa huandika t, na mwalimu asiye mwenyeji huandika nyumbani kwamba mtoto "hajui kutofautisha sauti". Mtoto anatofautisha vizuri sana. Ameandika alichokisikia, na hiyo ndiyo kazi hasa aliyofundishwa. Tatizo lake si sikio. Ni kwamba neno limevaa nguo mbili naye ameonyeshwa moja.

Kwa hiyo, kabla ya wiki ya ch na wiki ya nj, mimi huandika mistari hii au inayofanana nayo: "Wiki hii mtakuta mtoto ameandika mtele penye mchele, au ndia penye njia. Msimcheke wala msimkanye. Mwambieni: sisi nyumbani twasema hivi, kitabuni huandikwa hivi. Kisha mtafute pamoja maneno mengine matatu yenye sura mbili." Watoto hulipenda zoezi hili kupita mengi niliyoyabuni, na watu wazima hulipenda zaidi, maana katika wiki hiyo anayejua mengi ni bibi na si kitabu. Darasani tunapasua ukurasa kwa mstari, upande mmoja "nyumbani", upande wa pili "kitabuni", na orodha hukua hadi mwisho wa muhula.

Wapo wazazi wanaopinga. Baba mmoja aliniambia kwamba hamleti mtoto shuleni ajifunze maneno ya jikoni. Nilimjibu kwamba mtaala wenyewe unataka mtoto wa gredi za chini aanze na lugha ya mahali alipo, na kwamba Kiamu kilibeba tenzi muda mrefu kabla shule zetu hazijajengwa. Sidhani nilimshawishi siku ile. Lakini mwanawe alianza kuandika ch mahali pake mapema kuliko wale waliokanywa, na nadhani aliona.

Usisahau pia kwamba si kila mtoto wa darasa lako ana Kiamu. Yupo wa askari aliyehamishwa kutoka bara, yupo wa mvuvi Mbajuni, yupo anayezungumza Kigiriama au Kiorma kwao. Ongeza sentensi moja inayowaalika: "Kwenu neno hili husemwaje?" Ukurasa wetu wa pande mbili mwaka mmoja ulifika pande nne, na karatasi ikabidi ilazwe.

Njia ya kuifikisha

Kikundi cha WhatsApp cha darasa kinafaa, lakini hakitoshi. Simu ya nyumba moja huwa mikononi mwa baba, na baba huenda yuko dago, yaani kambi ya wavuvi, au safarini kwa siku kadhaa, hasa wakati wa upepo wa kaskazi bahari inapotulia. Anayekaa na mtoto jioni ni mama, shangazi au bibi ambaye hana simu ya intaneti. Ninachofanya ni kutuma maandishi pamoja na sauti. Sauti isizidi dakika mbili, isomwe polepole, na isiwe ni kusoma barua neno kwa neno bali kuisimulia. Nakala chache za karatasi huwekwa mikobani kwa wale ninaowajua hawamo kikundini. Orodha yao ninayo mimi peke yangu, na mtoto hapaswi kuambiwa mbele ya wenzake kwamba anapewa karatasi kwa sababu kwao hakuna simu.

Sauti ina faida nyingine ambayo huku kwetu ni kubwa. Wako wazee wanaosoma hati za Kiarabu bila kusita, Qur'ani na hata Kiswahili kilichoandikwa kwa hati hizo, lakini herufi za Kirumi huwapa taabu. Kuwaita hawakusoma ni kosa na ni utovu wa adabu. Ukiwapa sauti umewarudishia nafasi yao ya kumuuliza mjukuu.

Kuhusu siku, mimi hutuma Alhamisi baada ya isha. Ijumaa watu wana sala, ziara na mambo yao, na ujumbe wa Ijumaa mchana huzikwa chini ya salamu za Ijumaa. Katika mwezi wa Ramadhani fupisha barua hadi nusu na usitume kazi ya kufanya usiku. Wiki ya Maulidi, Mfunguo Sita, usitume kabisa. Mji wote uko Msikiti wa Riyadha au njiani kwenda.

Picha

Picha ya watoto wakipima meza huvutia kuliko maneno yangu yote, nami najua ushawishi wake. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na sura ya mtoto ni habari zake. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Pata idhini kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka, ukieleza picha zitakwenda wapi, na anayekataa asiulizwe sababu. Hata ukiipata, mikono inatosha: viganja sita juu ya meza moja, kila kimoja na ukubwa wake, vinaeleza somo la shibiri kuliko nyuso sita zilizoambiwa zitabasamu.

Habari za mtoto mmoja

Kikundini zungumza juu ya darasa. Ya mtoto mmoja mwambie mzazi wake peke yake. Kanuni hii haina ruhusa ya pembeni, hata kwa sifa. Ukimsifu mmoja mbele ya wazazi arubaini, umewasema thelathini na tisa.

Ugumu wa habari za mtoto mmoja uko katika viwango vinne vya tathmini: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Wazazi wengi walisoma katika mfumo wa awali wa 8-4-4, ambapo swali lilikuwa "Amekuwa wa ngapi?", na wakikuta "kukaribia matarajio" hutafuta nambari iliyofichwa nyuma yake. Wengine huona ni njia ya adabu ya kusema mtoto ameanguka. Usitume kiwango kikiwa uchi. Andika kwanza anachoweza, kisha anachokielekea, kisha jambo dogo la kufanya nyumbani, na kiwango kije baadaye. Kwa mfano: "Anasoma maneno ya silabi mbili bila kusaidiwa, kama baba na meza; neno la silabi tatu kama samaki hulisoma akigawiwa vipande. Maneno yenye ng' na ny bado yanamsumbua. Mkipita sokoni, mwambie atafute nyanya na ng'ombe katika maandishi ya maduka. Katika kusoma yuko katika kukaribia matarajio." Mzazi aliyesoma hayo anajua mtoto yuko wapi na kesho afanye nini.

Habari mbaya haziandikwi. Mtoto anayelia kila asubuhi, anayepiga wenzake, asiyekula, au aliyebadilika ghafla, mzazi wake huitwa akaja au hufuatwa nyumbani. Ukibisha hodi, ukaribishwe, ukae, uulize hali ya watu wa nyumba kabla ya kusema lililokuleta. Jambo litakalochukua mistari mitatu katika simu huchukua saa nzima barazani, na saa hiyo haijapata kunipotea.

Maombi ya vifaa

Malalamiko makubwa ya wazazi dhidi ya mtaala huu, nami nayaona ya haki kwa sehemu, ni kwamba kila jioni huja na jambo la kununua. Ombi likiandikwa Jumatano usiku kwa ajili ya Alhamisi asubuhi, mama huishia kwenye duka la kompyuta akilipia picha ya mnyama ambayo mtoto angeweza kuichora. Omba wiki moja kabla, omba vitu vilivyomo nyumbani au ufukweni, vifuu, simbi, makasha matupu, vipande vya kamba, na kwa kila kitu weka mbadala. Mimi huweka kasha la akiba nyuma ya mlango, ili asiyekuja nacho achukue humo bila kuulizwa.

Wiki ya mwisho wa muhula watoto huandika wenyewe

Kufikia mwisho wa muhula utakuwa na barua kumi au zaidi. Zihifadhi katika faili moja. Zitakufaa unapoandaa ripoti, kwa sababu kumbukumbu ya mwalimu hubeba wanaosumbua na wanaong'aa na kuwasahau walio katikati.

Barua ya mwisho usiiandike wewe. Kaa nao mkekani, uliza, "Tuwaambie nini watu wa nyumbani?" na uandike ubaoni wanavyosema, bila kunyoosha sarufi zaidi ya inavyolazimu. Gredi ya 1 watakutamkia, Gredi ya 3 watainakili wenyewe. Utagundua kwamba wanakumbuka yale ambayo hukuyaweka katika andalio lolote. Barua ya muhula ule wa shibiri nimeihifadhi hadi leo, na mstari wake wa kwanza unasema: "Meza ni shibiri kumi na moja, kwa mwalimu ni saba, babu alisema zote ni sawa lakini lazima useme ni mkono wa nani."